Komeo la Mtondooni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Ndugu Katibu wa Chama. Masheikhe na wazee wangu, shikamooni. Ndugu wageni mliotoka Miburani na mliovuka maji kutoka Juani. Ndugu waendesha baiskeli wenzangu.

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni: komeo la mlango likiingia mahali pake. Ta! Kisha nyumba ya pili, ta! Naomba mniruhusu nieleze niliisikia wapi, na kwa nini niliisikia peke yangu.

Mimi ni Mwanasha binti Kombo, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nimesimama hapa kumshukuru na kumuaga Ndugu Hemedi Shaibu, kiongozi wa msafara wetu wa baiskeli, anayekwenda masomoni Dar es Salaam. Wenzangu walinichagua kwa mzaha. "Apewe Mwanasha," walisema, "yeye ndiye aliyekula vumbi letu lote mpaka Bweni."

Kweli, nililila. Baiskeli ni ya marehemu baba, ndefu kunizidi, na mnyororo wake hutoka kila unapokutana na mchanga. Ndugu Hemedi alikuwa mbele, na sijapata kuona mtu mwenye mapafu kama yake. Kila kitongoji alikipelekea ujumbe wa vijiji vya ujamaa, akapigiwa makofi, akapiga kengele, akaondoka. Je, ni nani kati yetu angeweza kufanya hivyo njia nzima bila kushuka kwenye baiskeli?

Pale Mtondooni, karibu na Bweni, mnyororo ulinitoka tena. Kengele za wenzangu zikapotea minazini. Makofi yakakatika. Ndipo nikasikia makomeo. Watu walikuwa wanajifungia mchana kweupe, wakidhani sote tumekwisha kupita.

Mama mmoja, Bi Somoe, alikuwa bado kibarazani. Akanitazama nilivyojaa grisi.

"Wenzio wamekuacha?"

"Wameniacha, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi wewe ndiye mkia."

Nikamuuliza mbona milango inafungwa, na punde tu nimemsikia kiongozi kule mbele akitangaza kwamba Mtondooni wamekubali kuhamia kijiji kipya.

"Nani kakubali? Kauliza, tukamwambia tumesikia. Kusikia ndiyo kukubali? Mume wangu ananisikia kila siku nikimwambia aezeke paa. Hebu litazame paa lenyewe!"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kisima cha huko wanakopelekwa kina chumvi, na kwamba binti yake ana mtoto mchanga.

"Mlimwambia kiongozi?"

"Tungemwambia saa ngapi? Mguu mmoja chini, mguu mmoja kwenye pedali."

Waheshimiwa, sisi watu wa pwani tunalijua neno hili, tumesikia. Tunalitumia kwa mgeni tusiyetaka kumvunjia heshima, kwa mkubwa tunayemwogopa, kwa jambo tunaloomba lipite. Ndugu Hemedi naye ni mtoto wa kisiwa hiki. Je, hakulijua? Nimeliwaza hilo sana, na nadhani alilijua. Lakini mtu aliye mbele ana haraka, na neno lile lilimtosha kuendelea na safari.

Jioni, Bweni, nilimweleza yote. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mwanasha, ungekanyaga pedali kama sisi usingeyasikia hayo." Wenzangu wakapiga kengele kwa kicheko. Akaongeza kwamba taarifa imekwisha kupelekwa, na Jumatatu lori litakwenda kubeba watu.

Jumatatu ni kesho kutwa.

Asidhani mtu kwamba naupinga ujamaa. Naufundisha kila jioni, na naupenda kwa moyo unaonikosesha raha. Huu ni mwaka wa kumi na tatu tangu tupate Uhuru. Tulimwondoa mtu aliyetuamulia bila kutuuliza. Je, tulimwondoa ili nafasi yake tuikalie sisi, tena juu ya baiskeli? Kijiji cha ujamaa ni watu waliokubaliana. Ukiwabeba waliojifungia ndani, umejaza lori tu.

Ndugu Hemedi, nakushukuru kwa dhati. Ulinifundisha kuendesha, ulinishikia tandiko siku ya kwanza, na sikuanguka. Usingenipeleka Bweni, ningekuwa bado napiga makofi pamoja na wengine. Nakutakia masomo mema, na nakuomba jambo moja: huko uendako, ukimwuliza mtu swali, shuka.

Nilipoondoka Bweni sikurudi na msafara. Nilikwenda kwenye kile kisima cha kijiji kipya, nikateka, nikanywa. Nikatema. Kisha nikapinda njia, nikagonga mlango wa Bi Somoe, naye akafungua.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, nimekwisha kuhama. Kitanda changu kipo Mtondooni, chini ya lile paa bovu, na jina langu limo miongoni mwa majina ya wakazi wa pale. Nitaondoka hapa sasa hivi, na kwa mwendo wangu nitafika kabla ya Jumatatu. Lori likija, mlango wa kwanza litakaoukuta ni wangu, na utakuwa wazi, na atakayeuliza swali nitamjibu hapana, kwa heshima zote, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nawaomba jambo moja tu: msinijibu kwamba mmesikia.