Afande Taratibu na Blanketi la Wabishi

Baada ya miaka ishirini na minne ya kuwaandaa wanafunzi wetu kwa kazi ya zimamoto na uokoaji, Afande Taratibu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kwa muda mrefu shule haikuwahi kuungua, jambo lililowafanya wengi wetu kuamini kwamba hana kazi.

Alitujia kutoka kikosi cha zimamoto akiwa na mpira wa maji, ngazi, blanketi la kijivu na goti bovu. Jina la Taratibu alipewa na wanafunzi, kwa kuwa alipiga marufuku kukimbia: anayekimbia kwenye moshi, alisema, humwongezea mwokoaji kazi. Walioogopa kupanda ngazi aliwakumbusha kwamba mpanda ngazi hushuka, na kwamba yeye yuko chini kuhakikisha wanashuka kwa miguu. Sisi wa ofisi ya walimu tulimheshimu sana, hasa mazoezi yake yalipoangukia kipindi cha mtu mwingine.

Miaka sita iliyopita mwenyekiti wa bodi alikuja kulifunga somo lake. Hoja yake ilikuwa nyepesi: moto hakuna, na mtihani haulijui. Alikuwa katikati ya hotuba ukumbini moshi ulipoanza kuingia kutoka ofisi ya walimu, ambako birika la umeme lilikuwa limekauka maji na kuunguza pazia. Birika hilo hadi leo halijapata mwenyewe. Wanafunzi walitoka kwa mistari, wakitembea. Walimu tulitoka kwa namna yetu. Mwenyekiti alidhani ni maigizo ya kumlainisha, akakataa kushuka jukwaani kabla ya kumaliza ukurasa wa mwisho.

Kwa watu wa aina hiyo Afande alikuwa na sheria moja: "Anayebisha, mbebeni. Atashukuru akifika nje."

Wasichana wanne wa kidato cha tatu walimlaza mwenyekiti kwenye blanketi, wakamtoa hotuba ikiendelea. Wenzao walizima pazia. Mwenyekiti alipogeuka na kuona madirisha ya ukumbi yakitoa moshi mweusi, aliikunja hotuba yake, na kwa wanaomfahamu hiyo ni shukrani kubwa. Somo halikufungwa.

Mmoja wa wasichana hao sasa ni askari wa zimamoto, na ndiye atakayerithi darasa. Tatizo lililobaki ni Afande mwenyewe. Ameshaomba mara mbili aongezewe wiki moja, eti mpira wa maji unavuja, na jana tulimkuta stoo akiutafuta huo uvujaji kwenye mpira mpya. Tangu afiwe na mkewe, kelele za watoto wetu ndizo zilizokuwa zikimtoa kitandani. Anaogopa kuondoka, nasi tunaogopa akiondoka.

Afande, asante kwa yote ambayo hayakutokea. Binti yako amekuandalia chumba na wajukuu wanakusubiri. Tafadhali usiwatambaze sakafuni kama wanafunzi wako kabla ya chai. Tunakuombea maisha marefu, mema na yasiyo na moshi. Ijumaa, hafla ikiisha, utaombwa kwa heshima zote utembee hadi langoni. Ukibisha, blanketi limeshafuliwa. Wabebaji watatu wamepatikana, na pembe ya nne ameiomba mwenyekiti.