Springi Mpya za Gari la Ipo

Kijiwe chetu kiko Makambako, jirani na pale njia ya Njombe inapoachana na ya Mbeya, mbele ya gereji ya fundi Alois. Ni ubao mmoja juu ya matofali. Avelina anatuuzia kahawa ya tangawizi kutoka kwenye birika moja, na likiisha kila mtu anakwenda kwake. Mimi nakaa mwisho wa ubao, upande wa upepo, kwa sababu nimehamia mwaka juzi tu. Wenye kijiwe ni Injinia, ambaye aliwahi kupaka rangi kingo za daraja, na Mstaafu, aliyefanya kazi reli. Alhamisi hiyo ya Julai, baridi ikikata masikio, tulikuwa tunaliangalia gari la Clemens, kigari kidogo chenye kutu alichorithi kwa marehemu baba yake. Clemens tunamwita Ipo, maana ukimuuliza kitu chochote anajibu hivyo. Jumamosi ukoo wao ulikuwa unajengea kaburi la mzee kule Uwemba. Padre ameshaambiwa, na mama yao, ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda basi, alikuwa kwa Ipo anasubiri kupelekwa na gari hilo.

Sasa gari lilikuwa limelala nyuma mpaka bomba la moshi linakwangua lami. Siku tatu fundi Alois alikuwa chini yake anapigana na kutu. Bolti alizimwagia dizeli, akazipasha moto, moja ikakatika akaitoa kwa patasi. Kaweka bushi mpya, shokapu mpya, springi mpya. Akateremsha jeki, na gari likakaa vilevile, matako chini, pua angani.

Fundi Alois: Hii ni seti ya pili ya springi. Mimi nimefika mwisho.

Injinia: Springi ni nzima. Tatizo ni baridi. Hizi zimetoka Dar, zimezoea joto. Zikifika huku zinajikunja, kama wewe unavyojikunja kitandani.

Mstaafu: Mbona za mbele hazijajikunja?

Injinia: Za mbele ziko karibu na injini. Zinaota moto.

Jibu lilikuwa limekaa vizuri. Ipo akavua koti lake, akaenda kuifunika springi ya kushoto. Ya kulia akaifunika kwa kofia. Tukasubiri kikombe kizima cha kahawa.

Avelina: Halijainuka.

Injinia: Limepata joto juujuu tu.

Mstaafu: Achana na joto. Miaka thelathini nimekaa reli. Behewa likilala, unaangalia kwanza linaelekea wapi. Ipo, mkia wa gari lako unatazama wapi?

Ipo: Njombe.

Mstaafu: Ukiipita Njombe?

Ipo: Ludewa.

Mstaafu: Ludewa chini ya ardhi kuna nini?

Injinia: Mchuchuma kuna makaa ya mawe.

Mstaafu: Na jirani yake chuma. Mlima mzima wa chuma, haujachimbwa. Umekaa tu unavuta. Gari jipya lina rangi ya kulizuia, hili limebaki kutu tupu. Ligeuzeni.

Hakuna aliyecheka. Na mimi, mtu mzima niliyesoma mpaka kidato cha nne, niliinuka nikakunja mikono ya shati. Tulisukuma watu watano na nusura tushindwe. Injinia alikaa chini mara mbili kupumua.

Fundi Alois: Kigari kidogo hivi kinakuwaje kizito hivi?

Mstaafu: Si nimekwambia kinavutwa?

Likageuka, pua Ludewa, mkia Iringa. Nyuma likabaki chini vilevile.

Avelina: Sasa linavutwa na nini?

Mstaafu: Reli ile pale. Nayo ni chuma.

Hapo Ipo alikaa kwenye ubao, koti lenye oili likiwa magotini. Nilimwonea huruma kweli. Tangu Jumatatu alikuwa anachekacheka nasi, lakini siku hiyo macho yalikuwa mekundu.

Ipo: Mimi nitawaambia, ila msinicheke. Baba alikuwa haketi mbele. Aliogopa kioo cha mbele. Miaka yote alikaa nyuma, katikati, na fimbo yake. Gari halijui kama amefariki. Linadhani bado amekaa.

Injinia alishusha kikombe. Mstaafu akavua kofia.

Injinia: Hilo linawezekana.

Mstaafu: Inabidi liambiwe.

Injinia: Nani aliambie? Mtoto mkubwa?

Walikuwa wanabishana kama Ipo aongee na gari kwa Kibena, ambacho mzee alikizoea, au kwa Kiswahili, kwa kuwa gari lilisajiliwa Dar, alipotokea mwanamke mwenye sweta la kijani na mkoba. Alikuwa Letisia, mdogo wake Ipo, ametoka Uwemba asubuhi hiyo.

Letisia: Kamwene. Shikamooni.

Tukaitika.

Letisia: Kaka, waashi wamenituma. Kesho wanaanza kazi, na wamekauka midomo kukupigia. Saruji iko wapi?

Ipo: Ipo.

Letisia: Najua ipo. Tangu Februari ipo. Iko wapi?

Ipo: Sehemu salama kuliko zote. Hata mwizi haifikii. Ufunguo ulikatikia kwenye kitasa kwa kutu.

Letisia: Kitasa gani?

Ipo akanyoosha mkono kuelekea gari.

Ipo: Cha buti.

Upepo ulivuma, na kikombe kitupu kikabingirika ubaoni, hakuna aliyekizuia.

Fundi Alois: Mifuko mingapi?

Ipo: Minne.

Kilo mia mbili. Fundi alikwenda ndani akarudi na nondo, akaichomeka pembeni mwa buti, na mfuniko ukaachia pamoja na kipande cha bati. Tulichungulia. Mvua zote za Februari mpaka Aprili zilikuwa zimepita kwenye matundu ya kutu na kuingia humo. Mifuko ilikuwa jiwe moja, na tairi la akiba lilikuwa limezama ndani yake nusu. Injinia aligonga kwa kidole, akalia kidogo kwa maumivu, akarudi kukaa.

Niliona aibu. Nilikuwa nimelisukuma jiwe hilo kwa mikono yangu, nikaamini linavutwa na mlima.

Letisia hakugomba. Aliweka kiganja juu ya saruji, pale chapa ya mfuko ilipokuwa bado inasomeka, akakiacha hapo.

Letisia: Nimepitia kwako kwanza, Mama nimemwacha anapiga pasi kitenge cha Jumamosi. Naye amenituma nikaione hiyo saruji kwa macho yangu, nirudi nimwambie. Nimwambie nini?

Alitutazama mmoja mmoja. Mstaafu alitazama reli. Injinia alinyonya kidole. Avelina akainamisha birika juu ya kikombe cha Ipo, yakatoka matone mawili.

Ipo alifungua mdomo. Sote tulilisubiri lile neno lake, na halikutoka.