Muzee Bisimwa, Aliyekataa Kumuandika Pascal Marehemu

Miaka ishirini na sita Muzee Bisimwa alikalia kiti cha phonie, ile redio ya kuitana ya parokia yetu ya hapa Bukavu. Tarehe 30 Juni 2002 anakiachia wengine, na tunamshukuru Mungu, maana wengi walianza naye na hawakufika.

Alitoka kijijini Nyantende akiwa kijana, na ile redio ikamuingia ndani ya damu. Mukewe, Maman Rosette, anasema hata akimuita kula, anajibiwa: "Nimepokea, ongea polepole."

Vita ilipofunga barabara, watu walijaa ku benchi lake wakingoja habari za watu wao. Hakupitisha habari ya kifo bila kumuuliza aliye upande wa pili: "Uliona mwenyewe, ao uliambiwa?"

Swali hilo lilimgombanisha na jamaa yake. Mwaka jana Aurore, binti ya dada yake aliye Liège, alifungua muti wa jamaa ku internet, yaani orodha ya ukoo wote, ili waliotawanywa na vita waonane. Kila ndugu aliandika alichokijua, na Muzee akachungulia yote ku ordinateur, ile kompyuta ya sekretariati.

Sasa, mudogo wake Pascal, shofere, alikwenda Kindu mwaka 1998, na habari zake zikakatika. Ku ule muti, ndugu wa Liège, Bujumbura, Nairobi na Goma wote waliandika kwamba alikufa. Matanga ilikuwa imekwisha kufanyika, na sisi wa parokia tulipeleka maharagi. Wakubwa wa jamaa walianza kuulizana ndugu gani atamchukua Colombe, muke wa Pascal, na watoto. Colombe hakutaka. Alikuja kukaa ku benchi la phonie.

Muzee akauliza mumoja mumoja alisikia wapi. Goma alisikia kwa Nairobi, Nairobi kwa Bujumbura, Bujumbura kwa Liège, na Liège aliambiwa juu ya matanga. Na matanga yenyewe ilitoka wapi? Kwa muchuuzi mumoja aliyesema kwamba kule Kindu walizika shofere wa Bukavu. Jina hakulijua.

Jamaa ilipokutana, Muzee aliwaambia: "Midomo ni mingi, lakini sikio lililosikia ni moja. Mimi siandiki."

Baba yao mudogo, Cyprien, akamcheka: "Basi wewe na phonie yako mutamfufua?"

Muzee alifuta tarehe ya kifo ku ule muti, akaweka alama ya kuuliza, akaendelea kuita misioni za upande wa Kindu, moja kisha nyingine. Karibu na Pasaka ya mwaka huu sauti ikajibu kwamba ni Pascal. Sisi tulianza kupiga vigelegele, yeye akatunyamazisha. Akaiuliza ile sauti nani alivunja chungu cha mama yao.

"Ni weye, yaya, mukubwa wangu. Na fimbo nilikula mimi."

Hapo Muzee alivua kofia, akasogea pembeni. Colombe ndiye alichukua mikro.

Pascal, aliyefungiwa kule na vita, alirudi na ndege ndogo ya misioni. Ile alama ya kuuliza, Muzee alimwachia aifute yeye mwenyewe.

Aksanti, Muzee wetu. Urudi Nyantende na amani, Bwana akupe miaka ya kupumzika, na Maman Rosette akikuita kula, usimwambie tena aongee polepole. Maharagi ya leo Colombe ameyapika, viti amebeba Tonton Cyprien, na sala ya chakula ataiongoza Pascal.