Ewald Stratenhoff, Kipa Aliyesema Mpira Umevuka

Marehemu Ewald Stratenhoff alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 mjini Gelsenkirchen, mtoto wa pili wa Bwana Heinrich, mchimba makaa ya mawe, na Bibi Klara. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akajifunza ufundi wa kufuli.

Mwaka 1963 alianza kudakia timu ya mtaa wa wachimbaji, ambayo kaka yake Gisbert alikuwa beki na nahodha wake. Tarehe 23 Mei 1971, mechi ya mwisho ya msimu, sare tu ingewaokoa wasishuke daraja. Dakika za mwisho mpira uligonga mwamba, ukadunda chini, Ewald akaukumbatia. Mwamuzi hakuona vizuri.

"Kipa, umevuka?"

"Umevuka."

Timu ikashuka. Gisbert alimwambia mbele ya wenzao, "Umetuzika, mdogo wangu. Usinisalimie tena." Mtaa mzima ukamnunia. Ndugu hao hawakusemeshana hadi mama yao alipofariki mwaka 1993, na tangu hapo waliongea habari za mvua na baridi tu.

Tarehe 6 Oktoba 1972 alimwoa Roswitha, muuza mikate, mmoja wa wachache waliokuwa bado wakimwitikia salamu. Alipata cheti cha ukocha mwaka 1976, akawafundisha vijana wa timu ile ile iliyomtema, hadi 2009. Makipa aliwarushia viazi. "Kikianguka, utakila na maganda yake," aliwatisha, lakini viazi vyote viliishia kwenye sufuria ya Roswitha, na watoto wakashiba. Hakuchukua kombe hata moja. Wazazi walinung'unika, na bado wakamletea watoto.

Oktoba 2018 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Gisbert alikwenda hospitalini akiwa na neno lililomkaa kooni miaka arobaini na saba.

"Ewald, ule mpira..."

"Wewe naye, bado unao tu? Kula keki, Roswitha kaioka leo."

Gisbert akala keki, akaaga, neno hakulitoa. Ewald alifariki asubuhi ya tarehe 14 Februari 2019.

Ameacha mjane, Roswitha, mabinti wawili, Annegret na Silke, wajukuu wanne, na kaka yake Gisbert, anayewasomea maneno haya. Siku ile ya mechi Gisbert alisimama hatua mbili kutoka mstari wa goli. Aliuona mpira ukivuka, akanyamaza.

Ewald apumzike sasa kwa amani ambayo kaka yake alimnyima.