Tokuji Kudo na Presha Iliyokataa Kushuka

Ndugu waombolezaji, mliokanyaga theluji kuja kumsindikiza ndugu yetu Tokuji Kudo, familia inawasomea maisha yake kwa kifupi, ingawa mwenyewe kifupi hakukijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika kijiji cha Kamisawa, mkoani Akita, mtoto wa tatu wa mzee Eizo, mkulima wa mpunga, aliyeanguka shambani kwa kiharusi akafa akiwa na miaka hamsini na miwili, na tangu siku hiyo Tokuji alibaki na woga mmoja, kwamba naye ataanguka hivyo hivyo.

Alimaliza sekondari ya chini Machi 1966, hesabu hazikumpenda naye hakuzibembeleza, akawa kila majira ya baridi anakwenda Tokyo kuchimba mahandaki, hadi mwaka 1979 halmashauri ilipompa tingatinga la kusukuma theluji, aliloliendesha mpaka kustaafu mwaka 2011.

Tarehe 10 Novemba 1976 alimwoa Hisae, binti wa bonde la pili, ambaye figili zake za chumvi na moshi zilisifiwa hata na wasiompenda, wakajaliwa Shuhei na Ryoko.

Mwaka 2009 alikutwa na presha, akapewa dawa moja, ya pili, ya tatu, presha ikagoma kushuka, Daktari Monma akamtazama, "Mzee Kudo, dawa hizi unameza au unalisha kuku?" naye akajibu, "Kuku wangu wana presha nzuri kuliko wewe, daktari."

Dawa alikuwa anameza, ndipo daktari akaeleza kwamba hiyo ni presha sugu, inayompata mmoja hivi katika kila kumi wanaotibiwa, hasa wenye umri mkubwa, kitambi, kisukari, figo dhaifu, wanaokoroma hadi pumzi inakatika, na walaji wa chumvi, Tokuji akaapa kwamba chumvi haonji, supu ya nyumbani imekuwa maji ya kunawia.

Hakudanganya, maana kwetu figili za saa nne na za saa tisa kwa majirani haziitwi chakula, zinaitwa chai, na anayekataa sahani ya mwanamke amemwambia mkono wake ni mbaya. Nesi Sakiko alipokwenda kumpima akamkuta kwa jirani, Bi Nobuko, yuko sahani ya nne, akauliza, "Na hizi, mzee?" akajibiwa, "Hizi? Tunakunywa chai, binti."

Basi ikawa ama aanguke kama baba yake, ama awaudhi akina mama wa kijiji kizima, na Tokuji akachagua kunyamaza na kuendelea kula.

Aliyesema ni Hisae, katika ukumbi wa kijiji, Aprili 2013: "Jamani, anayempenda mume wangu amnyime. Atakayempa sahani ananitafutia ujane."

Bi Nobuko akadakia, "Kumbe zangu sumu, zako dawa?"

"Zangu nimezimwaga jana, pipa zima."

Tangu siku hiyo kijiji kizima kikamnyima figili, jambo ambalo Kamisawa halijampata mwingine tena.

Presha ikashuka, dawa zikiwa zile zile tatu, ila figo zilikuwa zimeshachoka, akafariki tarehe 9 Februari 2024, hospitalini, kitandani, Hisae amemshika mguu, akiwa amempita baba yake kwa miaka ishirini.

Familia inamshukuru Daktari Monma, nesi Sakiko, wenzake wa tingatinga, na majirani wote, hasa Bi Nobuko, aliyemwandalia vipande vya tufaha miaka yote hiyo, na kama alinuna, alinunia kwake.

Tokuji, uliogopa kuanguka. Hukuanguka, umelala tu. Lala salama.