Mechi Mia Mbili na Kumi na Mbili

Nianze na ujinga wenyewe, ndugu zangu, maana nikianza na salamu nitatoroka. Niliandika uongo mtandaoni kuhusu kocha wetu, nikiwa kiti cha nyuma cha gari analoliendesha yeye, nikila chipsi alizoninunulia yeye, miguu nimeipandisha juu ya mfuko wa mipira yake. Niliandika kwa kidole gumba kimoja. Kingine kilikuwa na mafuta.

Mchungaji amenipa maikrofoni na dakika kumi. Mimi mahubiri yake nayavumilia saa nzima na nusu, kwa hiyo nikizidisha kidogo asikohoe. Na niseme mapema: nimekuja na hasira. Mnajua shuhuda zetu, mtu analia, dada anamletea tishu, kinanda kinapigwa polepole. Leo kinanda kinyamaze. Nina hasira na mimi, nina hasira na ninyi, na kila mtu atapata fungu lake.

Kocha mnamjua. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja hakuna humu anayeweza kulitamka. Ni Mkroatia. Alikuwa mchezaji wa kulipwa huko kwao, akastaafu, akaja Texas, anaishi Lewisville na anapanga vigae kwenye mabafu ya watu. Kila Jumamosi anakuja hapa mtaani kwetu Vickery Meadow kutufundisha mpira, kwenye ule uwanja nyuma ya majengo, bure, kwa koni zake mwenyewe. Kiswahili chake ni maneno matatu: "simama", "haraka" na "shikamoo". La tatu nilimfundisha mimi. Nilimwambia kwetu unamwamkia kila mtu hivyo, basi akawa anawapa shikamoo watoto wa miaka sita, nao wanaitikia marahaba na makamasi yao. Nilicheka wiki mbili. Mjue tu mnaongea na mtu wa aina gani.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu alitupeleka Houston kucheza na vijana wa Stafford. Kipindi cha kwanza tunaongoza mawili bila. Nikampiga chenga beki wao, nikamrudia, nikampiga tena, halafu nikaukalia mpira. Ndiyo, nikaukalia, katikati ya uwanja, kama mtu anayesubiri basi. Binamu zangu walikuwa pembeni wanarekodi. Kocha akanitoa.

"Kwa nini? Tunaongoza!"

"Yule mtoto mama yake yuko pale," akasema kwa Kiingereza chake kizito. "Mama anaangalia."

"So?"

"So, kaa."

Nikakaa kipindi chote cha pili, dakika arobaini. Binamu mmoja akapita nyuma yangu. "Oya, staa! Umekalia mpira, sasa umekalia benchi. Unapenda sana kukaa, eh?" Pale pale nikaapa kwamba huyu Mzungu atanijua.

Kutoka Houston kurudi Dallas ni saa nne za ng'ombe na mabango ya mawakili. Nikatafuta jina la kocha kwenye simu, nikapata ukurasa wake katika ile ensaiklopidia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuhariri. Ukurasa mfupi, jamani, mfupi kuliko risiti ya duka. Kazaliwa mji fulani. Beki. Timu saba ndani ya jedwali. Mechi mia mbili na kumi na moja. Magoli mawili. Mawili, kwa miaka kumi na tatu! Aliitwa timu ya taifa mara moja, akakaa benchi dakika tisini, hakuingia. Mwisho goti, akastaafu. Basi. Maisha ya mtu mzima, unayamaliza kabla chipsi hazijafika tumboni.

Kwanza niliandika utani. Kwamba timu ya tatu ilimfukuza kwa kumla mbuzi aliyekuwa nembo ya klabu. Ikafutwa kabla hatujafika kituo cha mafuta. Nikaandika kwamba magoli yote mawili alijifunga mwenyewe. Ikafutwa. Kumbe kuna watu wanaozilinda zile kurasa. Hapo ndipo akili mbaya iliponijia. Nikaandika bila utani wowote, kwa sauti ya kitabu cha historia, kwamba alistaafu baada ya kufungiwa kwa kosa la kuuza mechi. Sentensi moja, nukta. Hakuna aliyeifuta. Upuuzi wangu ulikamatwa kila mara. Uongo uliovaa suti ukapita getini na kupigiwa saluti.

Nikaupiga picha ule ukurasa, nikawatumia wenzangu wawili. Kocha yuko mbele pale, anaendesha na anaimba nyimbo za kwao.

Sasa hapa sitaki mtu aangalie simu.

Jumatano natoka shule, nakuta kina mama watatu jikoni kwetu, mama yangu mmojawapo. Ile picha ilikuwa imetoka kwa mwenzangu ikaenda kwa dada yake, ikaenda kwa mama yao. "Kuja hapa, mtoto," wakaniita. "Hii wameandika nini?"

Mnajua kwamba mimi ndiye mkalimani wa ghorofa ya pili. Barua ya shule, naitwa mimi. Barua ya hospitali, naitwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa nilipomweleza mama mmoja kwamba daktari ameona uvimbe. Miaka tisa! Hakuna aliyeniuliza kama nina kifua cha kulibeba hilo neno. Hiyo nayo ni hasira, nimeiweka akiba siku nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba mkishatuuliza mara moja, hamuulizi tena popote. Tulichosoma sisi ndicho kilichoandikwa.

Nikaishika simu. Sentensi yangu mwenyewe ikaniangalia usoni. Ningeweza kusema, "Hii ni mimi, nilikuwa mjinga." Ningeweza hata kudanganya upande wa pili, nikasema wameandika ni beki hodari. Nikasoma ilivyo.

"Wameandika alifungiwa kwa kuuza mechi."

"Kuuza?"

"Ndiyo. Kuuza."

Wakatazamana, nami nilijua wanachokiona. Kambini kule Kigoma, tulipokuwa wakimbizi, alikuja mtu mwenye filimbi na jezi mpya. Akafanya majaribio, akachagua vijana wanne, akasema anawapeleka kwenye timu kubwa. Mmoja wao ni mjomba wangu, kaka yake mama. Mpaka leo hatujapata hata simu moja. Kwa hiyo neno "kocha" likikaa karibu na neno "kuuza", wazazi wetu hawasikii tena habari za mpira.

Siku hiyo hiyo mmoja wa wale watatu akatuma sauti kwenye grupu la wazazi. Simtaji. Wote mnamjua, na wewe dada wa safu ya tatu acha kugeuza shingo. Sauti ilisema kocha aliuza mechi huko kwao, tuwe macho. Ikaenda Houston kwa mashangazi, ikarudi imenenepa: kocha anauza wachezaji. Alhamisi ikawa anauza vijana. Ijumaa baba mmoja, mkubwa tu humu ndani, akaandika kwa herufi kubwa kwamba mtoto wa mtu asikanyage uwanjani. Chini yake vikapangwa vidole gumba arobaini na kimoja. Nilivihesabu. Hicho kimoja ni changu. Nilikibonyeza ili nisijulikane.

Jumamosi nikasimama barazani kwetu, juu. Kocha akafika saa tatu kama kawaida. Akapanga koni. Akajaza mipira upepo. Akangoja. Mama mmoja akapita na kikapu cha nguo za kufua, kocha akampungia mkono, "Shikamoo!" Yule mama akavuka upande wa pili wa barabara. Akapita mtoto wa miaka sita, bingwa wa marahaba, akafungua mdomo aitikie. Dada yake akamvuta mkono. Saa nne kocha akaanza kuokota koni. Goti lake halikunjiki, kwa hiyo kila koni lazima anyooshe mguu mmoja pembeni ndipo ainame. Koni ishirini. Nilitaka kushuka nimsaidie, sikushuka. Nilitaka atukane, apige kelele, apige teke kitu chochote, hata ule mti! Hakupiga. Nikamkasirikia na yeye.

Jumatatu nikafungua ukurasa niifute ile sentensi. Nikakuta imeshaondolewa. Mtu nisiyemjua, sijui yuko nchi gani, ameandika pembeni: "Haina chanzo. Nimeondoa." Ilikuwa imekaa siku tisa. Nawaambia, hapo damu ilinichemka. Mtu ambaye hajawahi kuamkiwa na kocha, hajawahi kupanda gari lake, ndiye aliyeuliza nani kasema. Ninyi mnaomjua, mliokula nyama choma kwake, vidole arobaini, na hakuna kinywa hata kimoja kilichouliza nani kasema! Mngeuliza tu. Mimi nilikuwa ghorofa ya pili. Ningekuwa nimepatikana kabla ya chakula cha jioni.

Jumamosi ya pili kocha hakuja. Aliyekuja ni golikipa wetu peke yake, akakaa kwenye nguzo ya goli na glovu zake mpaka saa tano. Mama yake hayumo kwenye grupu, simu yake ni ya vitufe. Mungu azibariki simu za vitufe.

Kesho yake sikuja ibadani. Nilisema tumbo linauma. Nikapanda treni, nikabadilisha nyingine, nikashuka, nikatembea mpaka kwa kocha Lewisville. Nikamkuta anapakia maboksi ya vigae kwenye lile gari la safari ya Houston. Njiani nilikuwa nimetunga hotuba yenye vichekesho viwili. Ikatoka hivi: "Ni mimi. Niliandika mimi."

Akaliweka boksi chini.

"Ile sentensi niliiona. Kwa sababu ya benchi?"

"Ndiyo."

"Dakika arobaini?"

"Ndiyo, Kocha."

"Mimi nilikaa benchi la taifa dakika tisini. Nikampigia mama yangu simu, tukalia wote kwa furaha. Wewe dakika arobaini, ukanizika."

Akakaa juu ya boksi, mguu mmoja kaunyoosha. "Nimezomewa na uwanja mzima," akasema. "Kuzomewa nakujua. Lakini yule mama wa nguo..." Akajisugua goti. "Nilimwambia shikamoo. Nilikosea kuitamka?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipovunjika. Nilikuwa nimevumilia koni ishirini, nimevumilia vidole arobaini. Hiyo shikamoo ikanishinda. Mtu amechafuliwa jina mpaka Houston, naye wiki nzima anajiuliza kama kosa ni la ulimi wake.

"Hukukosea," nikamwambia, na nikalia ovyo, mpaka nikatumia fulana. Halafu hasira ikarudi. "Kwa nini hukusema kitu? Kwa nini hukuingia kwenye ukurasa ukaifuta?"

"Mtu hujiandika mwenyewe?" akaniuliza. "Hata idadi wamekosea. Mechi ni mia mbili na kumi na mbili. Ya mwisho hawakuihesabu. Nilitoka dakika ya nne, na goti." Miaka yote ameliona hilo kosa, wala hajawahi kuligusa.

Nikasema nisamehe. Akasema, "Mimi najua sikuuza. Kawaambie wasiojua. Ukishawaambia, Jumamosi itakayofuata nitakuja na koni. Nikikuta watu, mazoezi. Nikikuta hakuna watu, sirudi tena. Goti hili halina koni nyingi zilizobaki."

Nikiwa kwenye treni nikafungua ule ukurasa, nikasahihisha: mechi mia mbili na kumi na mbili. Chanzo: ameniambia mwenyewe. Ikafutwa. Haina chanzo. Uongo wangu uliishi siku tisa, ukweli wangu ukaishi dakika kumi na moja. Nilitaka kuirusha simu dirishani. Bahati ya simu, madirisha ya treni hayafunguki.

Basi kama mtandao umekataa, nawaandikia ninyi hapa kwa mdomo. Mia mbili na kumi na mbili. Hakuuza hata moja. Ile ya dakika nne nayo hakuiuza.

Namshukuru kocha, ambaye hakunipiga na kigae ingawa vilikuwa karibu. Namshukuru golikipa. Namshukuru yule mlinzi wa ukurasa, hata kama ananiudhi. Na ninyi vijana wenzangu mnaosomea wazazi barua, nawaambia nikiwa nimekunja ngumi: ile barua ikiwa mikononi mwako, mama yako hana macho mengine. Nimelijua hilo kwa kulichezea. Na ninyi wazazi, mtuamini, lakini mtuulize mara mbili, hasa mimi. Ni Jumamosi hii inayokuja, saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwepo hata nikiwa peke yangu na golikipa, na ataokota koni mtu mwingine, si yule mzee.

Namalizia. Jana mchana nilimweleza mama kila kitu. Alikuwa anakoroga sufuria ya sombe. Akazima jiko, akafuta mikono, akaichukua ile simu yake mezani. Sikumuuliza habari ya sauti iliyokwenda kwenye grupu. Sikuwa na haja. Halafu akasema, na ameniagiza niwaambie hivi hivi nisipunguze neno:

"Wewe uliandika, mimi ndiye nilituma sauti. Kesho ukimaliza kusema, mikro usirudishe kwa pasta. Unipatie mimi."