Picha ya Mbele ya Jeneza

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Nimekwepa kusimama hapa kutoa ushuhuda kwa muda mrefu. Kila nikiombwa nilisema nina shifti, na wengine mlijua sina. Leo nimesimama, na nikikwama mahali mnivumilie.

Wengi mnanijua kama yule kaka anayepanga viti hapa kanisani. Kabla ya viti nilikuwa mpiga picha wa mitindo, na si wa kubahatisha. Majarida ya hapa London yalinitafuta, na vijana walikuja studio kujifunza staili yangu. Staili yenyewe ilikuwa hivi: sipigi uso. Mwanamitindo namkalisha dirishani, nazima taa zote, namwambia ageukie nje. Unaona kisogo, shingo, bega, na nguo ilivyokaa mgongoni. Waliandika kwamba nimeleta kitu kipya. Jamani, kile kitu kipya kilikuwa mama yangu.

Mama alikuwa fundi cherehani Morogoro. Nimekua nikimwona kwa nyuma, ameinamia kazi, kanga imemteleza begani, mwanga wa dirisha uko shingoni. Alipokuja kuishi nami kwenye flati yangu Peckham, alivuta kiti dirishani akakaa vilevile, akitazama mabasi. Nikampiga picha. Mhariri mmoja akaiona, na milango ikafunguka kuanzia hapo. Baada ya hiyo nilimpiga mara nyingi, daima kwa nyuma. Mgeni akiuliza mbona uso hauonekani, mama alicheka. "Wazungu wamelipia shingo tu," alisema. "Wakitaka na uso, waongeze."

Ndugu zangu, nawaambia, mama alifariki asubuhi moja nikiwa kazini. Ni moyo, walisema. Yaliyofuata mnayajua, maana wengine wenu ndio mliokuja kupika na kukaa matanga nami. Dada yangu akapiga simu kutoka nyumbani. "Kaka, tuma picha nzuri ya mama, ya kubeba mbele ya jeneza. Nimewaambia watu wasihangaike kutafuta, wewe ndiye mwenye picha."

Nikafungua kompyuta. Mama alikuwa amejaa humo, na hakuna hata picha moja ambayo ananitazama. Nikatafuta mpaka kwenye simu. Hakuna. Mwishowe tulikuza ile ya pasipoti, ya kukodoa macho kama mtu aliyekamatwa, ikatoka na ukungu. Nikamsafirisha mama kwenda kuzikwa Morogoro, na kule picha ikatangulia mbele ya jeneza, na shangazi mmoja, mzee wa watu, akauliza kwa sauti, "Huyu ndiye nani?" Dada hakunilaumu. Hilo liliniumiza kuliko matusi.

Niliporudi London, kazi haikuwezekana. Binti wa watu aligeukia dirisha, nikaona kile kisogo, mkono ukagoma. Nikawaomba radhi wakaenda zao. Ikawa hivyo tena, na tena, hadi simu zikanyamaza. Na mji huu haukunipa pa kukimbilia, maana ile staili ilishaigwa na kila mtu. Unashuka ngazi za treni ya chini ya ardhi, ukutani kuna mabango ya manukato, ya viatu, ya makoti, na kila aliye kwenye bango amekugeuzia kisogo. Nilikuwa nashuka nikitazama viatu vyangu. Kamera niliiviringisha kwenye kanga ya mama, nikaisukuma uvunguni. Nikapata kibarua cha kuokota vikombe uwanjani Wembley baada ya mechi, na kusema kweli, kulikuwa na asubuhi nilizotamani nisiamke.

Aliyeniinua simtaji jina, lakini mtamjua. Ni mama mmoja wa Kikongo, aliyekuwa akikaa pale ukutani karibu na hita. Siku moja baada ya ibada alinishika mkono.

"Mutoto, ni weye ule mwenye anapigaka mafoto?"

Nikamwambia nimeacha. Akafanya kama hakusikia.

"Daktari anasema sina tena masiku mingi. Minataka foto ya kutia mbele ya sanduku. Hapa watu wananijua na ufagio tu. Nilikuwaka mwanamuke muzuri."

Ningekataaje? Nilikwenda kwake na kamera bado ina vumbi la uvunguni. Nilimkuta amevaa kitenge alichoshonewa kwa harusi ya binti yake, wanja machoni. Nikamkalisha dirishani, na mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa mazoea, "Mama, geukia nje kidogo."

"Hapana," akasema. "Mutu akiaga watu, anawaangalia machoni. Tena minataka nione wenye watakuja kunililia, na wenye hawatakuja."

Nikainua kamera. Yale macho yakaja moja kwa moja kwenye lenzi, yamechoka, lakini yana utani ndani. Nikalia mpaka sioni. Alinisubiri, kisha akasema, "Lia, mutoto, lakini usitikise ile mashini."

Picha ile mliibeba nyinyi wenyewe mbele ya sanduku lake, juzijuzi tu, na mkaniambia anawatazama.

Namshukuru yeye, huko aliko. Nawashukuru nyinyi mliokuja na masufuria yenu na hamkuniuliza maswali. Namshukuru dada yangu, anayenipigia kila Jumapili. Namshukuru Mungu aliyenivusha zile asubuhi. Uso wa mama sina, na sitaupata. Hilo halijapona, na sitawadanganya hapa mbele za Mungu kwamba limepona. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: mwenye mama ampige picha akiwa anamtazama, hata kwa simu, hata kama mama analalamika hajachana nywele.

Leo nimekuja na kamera. Imo kwenye kanga ileile. Tukimaliza chai nitaweka kiti pale dirishani, na anayetaka aje akae. Nitawaomba jambo moja tu, ndugu zangu. Msigeuke.